Mdogo Wake Helen

Hadithi hadithi!

Nawasikia mnaitika, "Hadithi njoo!" Na wale watundu wa nyuma wameongeza, "Uongo njoo, utamu kolea!" Leo utamu upo, ila uongo sina. Watu nitakaowataja waliishi kweli, na mengi ya haya mmoja wao aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1903.

Basi paliondokea mtoto wa kike, jina lake Helen Keller. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alizaliwa akiona na kusikia kama ninyi. Alipokuwa na miezi 19 alishikwa na homa kali hata daktari akakata tamaa. Homa ikashuka, mtoto akaishi, lakini hakuona wala kusikia tena.

Mtu mwenye hali hiyo tunamwita kiziwi asiyeona. Wengi wao huwa wamebakiwa na uwezo kidogo wa kuona au kusikia, wengine hawakubakiwa na chochote. Sababu zake ni nyingi: homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya siku kutimia, maradhi ya kurithi, au mama kuugua rubela akiwa mjamzito. Ndiyo maana watoto wanachanjwa surua na rubela. Si laana, si uchawi, na hakuna anayeambukizwa uziwi wala upofu kwa kumshika mwenzake mkono. Shirikisho la Viziwi Wasioona Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba katika kila watu 1,000, wawili wana hali hii kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo huenda yupo mtaani kwenu, na huenda yupo nyumbani kwenu.

Habari za Helen na mwalimu wake, Anne Sullivan, zinasimuliwa sana. Leo mwalimu atapita tu. Mimi nataka kuwaonyesha watoto waliokuwa kando yake, wale ambao wasimuliaji huwaruka: Martha, Percy, na mdogo wake Helen, Mildred.

Mayai ya kanga

Kabla mwalimu hajafika, Helen hakuwa na lugha ya maneno. Alikuwa na mikono yake tu. Akitaka mkate, aliiga mtu anayekata vipande na kuvipaka siagi. Akitaka aiskrimu, alizungusha mkono kama anayeendesha mashine ya kuitengenezea, kisha akajitetemesha kwa baridi. Kukuvuta maana yake njoo. Kukusukuma maana yake nenda.

Aliyezijua vizuri ishara hizo ni Martha Washington, binti wa mpishi, aliyemzidi Helen kama miaka miwili au mitatu. Pale nyumbani palikuwa na kanga, na kanga mnamjua tabia yake, hutaga mafichoni kwenye majani marefu. Helen akitaka waende kutafuta mayai, alikunja ngumi zote mbili akaziweka chini: vitu vya mviringo, ndani ya majani. Basi. Martha ameshaelewa, na safari imeanza. Wakiyapata, Helen hamruhusu Martha kuyabeba. Anamwonyesha kwa ishara za ukali kwamba ataanguka ayavunje!

Msidhani alikuwa mtoto wa kuhurumiwa huyu. Siku moja wawili hao walikwapua keki ambayo mpishi alikuwa ametoka kuipamba, wakakimbilia kwenye lundo la kuni na kuila yote, na Helen akaugua. Siku nyingine walikuwa wakikata karatasi kwa mkasi. Karatasi zikawachosha, wakahamia kwenye nywele. Helen alizikata za Martha, na Martha akakata shungi moja la Helen. Mama asingetokea, zingekwisha.

Lakini lazima niwaambie na hili. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, na miaka hiyo kusini mwa nchi ile mtoto mweusi wa mpishi hakuwa na uhuru wa kumkatalia mtoto wa mwenye nyumba. Helen mwenyewe aliandika kwamba alipenda kumtawala Martha, naye Martha alikubali yaishe. Kwa hiyo usawa haukuwapo. Pamoja na hayo, Martha alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawakulifanya: aliitazama mikono ya Helen akijua kwamba inasema kitu, kisha akaijibu.

Hilo ndilo la kwanza nataka mlishike. Mtoto asiyeona wala kusikia anasema. Anasema kwa kunyoosha mkono, kwa kugeuza uso, kwa kutulia ghafla, kwa kukaza mwili, kwa kukusukuma. Na mara nyingi anayegundua mapema ni ndugu anayecheza naye kutwa. Mama ana shughuli zake, baba yuko kazini, na wewe ndiye unayejua kwamba mdogo wako akigonga goti mara mbili anataka bembea. Usikae nalo moyoni. Waambie wakubwa, na ikiwezekana mwandike orodha mbandike ukutani, ili nyumba nzima itumie ishara moja. Kama dada ana ishara yake ya maji na shangazi ana yake, mtoto atashika ipi?

Mgeni kwenye kitanda cha mwanasesere

Mwaka 1886 Mildred akazaliwa. Hebu fikirini Helen alielewa nini. Ninyi mkipata mdogo mnajua mapema: mmesikia wakubwa wakinong'ona, mmeliona tumbo la mama likikua, mmeona nguo ndogo zikianikwa. Helen hakupata hata moja kati ya hayo. Alichojua ni kwamba kuna kitu kimekalia mapaja ya mama, na yeye hana nafasi tena.

Helen alikuwa na mwanasesere aliyeitwa Nancy, na Nancy alikuwa na kitanda chake cha kubembeleza. Siku moja Helen alipapasa kitandani akakuta ndani yake amelala yule yule mnyang'anyi wa mama. Alikipindua kitanda kwa hasira. Mama alimdaka mtoto hewani. Kama si hivyo, angeweza kufa.

Helen alifanya vibaya, sawa. Lakini nani alikuwa amemweleza kwamba yule ni mdogo wake?

Mengi mnayoyajua hamkufundishwa na mtu. Mmeyaokota. Mnajua jirani amepata kazi kwa sababu mlisikia mkiwa mnakula. Mnajua kesho kuna wageni kwa sababu mmeona jogoo amefungwa mguu. Mtoto kiziwi asiyeona huokota machache mno. Kama haoni wala hasikii kabisa, kisichomfikia kwa mguso, kwa harufu au kwa ladha, kwake ni kama hakijatokea.

Hapo ndipo ndugu ana kazi kubwa, na kazi yenyewe ni tamu. Mko kwenye mkeka mnasubiri chakula cha jioni, baba anaingia na samaki, kila mtu anacheka kwa kuwa samaki ni mkubwa kuliko sinia. Mdogo wako amehisi mkeka unatikisika tu, na hajui kwa nini. Mpe ishara ya baba. Mpeleke mkono juu ya samaki, taratibu, kutoka mkia hadi kichwa. Mwache anuse. Sasa na yeye amo katika kicheko. Mama akiwa mjamzito, tumbo liguswe. Mtoto akizaliwa, mkubwa asiyeona amshike kwanza miguu midogo ile, mama akiwa kando, tena si siku moja tu.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu najua wamo wanaonisoma wenye ndugu wa namna hii na wana dukuduku. Wivu si wa Helen peke yake. Mama anampeleka mdogo wako hospitali, anamlisha, anamlaza, na wewe unaambiwa, "Subiri, wewe ni mkubwa." Kuna siku unachoka. Kuna siku amekuvuta nywele na unaambiwa usikasirike kwa sababu yeye haoni. Kukasirika si dhambi. Mwambie mama au baba kwamba nawe unataka muda wako, hata nusu saa ya kutembea naye sokoni mkiwa wawili tu. Uliza maswali yako: je, atapona? Akikua ataishi na nani? Una haki ya kujibiwa. Na kujifunza kuzungumza na ndugu yako hakukufanyi yaya wake. Yaya anaangalia mtoto asiumie. Ndugu anacheza naye, anagombana naye, na wanapatana.

Percy, mbwa Belle, na maji ya pampu

Tarehe 3 Machi 1887 Anne Sullivan akafika kutoka shule ya wasioona ya Perkins, Boston. Alikuwa na miaka 20, na macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Alimletea Helen zawadi ya mwanasesere, akaanza kumwandikia maneno kiganjani kwa alfabeti ya vidole, ambamo kila herufi ina umbo lake la vidole na anayepokea huligusa.

Baada ya siku chache Anne alifanya jambo la busara. Alimwingiza darasani kijana mdogo wa pale nyumbani aitwaye Percy, ajifunze herufi pamoja na Helen. Basi Helen akapata mshindani! Percy akikosea, Helen anafurahi na kumrudisha mwanzo. Alipopatia, Helen alimpongeza kwa kumpigapiga kichwani kwa nguvu hata mwalimu akadhani baadhi ya makosa ya Percy ni ya makusudi. Halafu Helen akamfuata Belle, mbwa wao mzee, akaketi naye na kuanza kumkunjakunja kucha. Watu hawakuelewa anafanya nini mpaka walipoona anatengeneza herufi kwa vidole vyake mwenyewe. Alikuwa anamfundisha mbwa kuandika neno "mwanasesere".

Mnacheka, lakini tazameni alichokuwa anatafuta. Alikuwa na mwalimu mmoja wa kuzungumza naye, na mmoja hatoshi. Nani kati yenu angeridhika kuongea na mtu mmoja tu maisha yake yote, tena mtu mzima? Mtoto anataka watoto wenzake, na akiwakosa atajaribu hata kwa mbwa.

Tarehe 5 Aprili mwaka ule Anne alimpeleka Helen kwenye pampu ya maji. Maji yakimwagika mkono mmoja, mwalimu aliandika neno "maji" kwenye mkono wa pili, na Helen akaelewa kwamba kila kitu kina jina. Hapo ndipo wasimuliaji hufunga hadithi. Mimi siifungi, maana muda ule ule yaya aliingia kwenye kibanda cha pampu amembeba Mildred. Helen akaandika kwa vidole neno la mtoto mchanga. Na katika maneno aliyokumbuka baadaye kwamba alijifunza siku hiyo, yalikuwamo mama, baba, mwalimu, na ndugu wa kike. Yule aliyepinduliwa kitandani sasa amepata nafasi katika lugha ya dada yake. Miezi miwili baadaye, katika barua yake ya kwanza, ya Juni 1887, Helen alimtaja Mildred mara mbili: kuhusu dawa atakayopewa na daktari, na gauni jipya atakaloshonewa na mama.

Helen alipotafuta sauti

Baada ya hapo wawili hao wakapendana. Walishikana mikono wakazunguka popote miguu ilipowapeleka. Lakini palikuwa na tatizo: Mildred alikuwa mdogo mno kuijua lugha ya vidole, na Helen hakusikia maneno ya kitoto ya mdogo wake.

Mwaka 1890, Helen akiwa karibu kutimiza miaka 10, alikwenda kwa mwalimu Sarah Fuller huko Boston kujifunza kusema kwa kinywa. Jaribuni kuwaza kazi yake. Aliweka vidole usoni mwa mwalimu, akahisi ulimi na midomo inakaa vipi, kisha akajaribu kuiga sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Alirudia neno moja saa nyingi, akavunjika moyo, akaanza tena. Na aliandika baadaye kwamba kilichomsukuma, chenye nguvu kuliko vikwazo vyote, ni wazo kwamba sasa mdogo wake atamwelewa. Aliporudi Tuscumbia, familia ilimpokea kituo cha treni. Mama alimkumbatia bila neno. Mildred, mtoto wa miaka mitatu hivi, aliushika mkono wa dada yake, akaubusu, akacheza kwa furaha.

Sauti ya Helen haikuwahi kuwa rahisi kwa wageni kuielewa, na jambo hilo lilimsikitisha maisha yake yote. Lakini undugu ulidumu. Alipokwenda kusoma Cambridge, Massachusetts, mwaka 1896, Mildred alimfuata Krismasi na kukubaliwa shuleni hapo hapo. Walikaa pamoja miezi sita, wakisaidiana masomo.

Sasa pimeni wenyewe. Helen alifanya kazi ngumu kuliko zote ili amfikie mdogo wake. Mildred hana lawama, alikuwa hajafikia umri wa kusoma. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mmeshafika. Kujifunza alfabeti ya vidole kwa mtoto anayeona na kusikia ni mchezo wa siku chache. Kwa nini mzigo wote abebe yule ambaye ni mzito zaidi kwake?

Anza hivi

Kwanza, mjulishe kwamba umefika. Mguse begani au mkononi kwa upole, uache mkono utulie kidogo. Huko ndiko kupiga hodi kwake. Kisha mpe alama ya jina lako: labda ni bangili unayovaa siku zote, labda msuko wako, labda kovu la kidoleni. Aguse, ajue ni wewe na si mwingine. Ukiondoka, muage. Akiachwa bila kuagwa atazungumza na hewa.

Pili, usimkamate mikono ukaiendesha unavyotaka. Mikono hiyo ndiyo anayoonea na kusikia. Weka mkono wako chini ya wake, wa kwake uwe juu, mshike kikombe pamoja, mmenye chungwa pamoja. Akitaka kuutoa mkono anautoa. Kwa watoto wanaojua lugha ya alama ni hivyo hivyo: wewe unaashiria, yeye anafuata kwa mikono yake juu ya yako.

Tatu, kitu kitangulie tukio. Kabla ya kuoga mpe kata ashike. Kabla ya kula, kijiko. Kabla ya kutoka, kofia yake ya kutembelea. Kiwe kitu kile kile kila siku. Wengine huvipanga vitu hivyo katika kisanduku chenye vyumba, kimoja baada ya kingine, na mtoto akakipapasa akajua siku yake itakwenda vipi.

Nne, mfuate, kisha subiri. Akigonga meza mara mbili, nawe gonga mara mbili mkono wake ukiwa juu ya meza ahisi. Halafu tulia. Zamu yake. Mwalimu mmoja Mholanzi, Jan van Dijk, aliyefanya kazi miaka mingi na watoto waliozaliwa viziwi wasioona kwa sababu ya rubela, alianza hapo hapo, kwa kutikisika pamoja na mtoto hadi mtoto agundue kwamba kuna mtu anamjibu. Jibu linaweza kuchelewa, na wengi huondoka sekunde chache kabla halijaja.

Tano, cheza naye michezo inayochezeka. Kombolela haitamfaa, lakini ukuti mnashikana mikono mnazunguka, hauhitaji macho. Bao lina mashimo na kete, vyote vinashikika. Na akishajua herufi, mchoree kiganjani kwa kidole chako, herufi moja moja, kubwa, kila moja juu ya ile iliyopita. Hapo mtaweza kunong'onezana hata usiku taa zikiwa zimezimwa.

Mkiwa na ndugu kama huyu nyumbani, au jirani, au mwenzenu shuleni, waambieni wazazi na mwalimu wake wawafundishe nanyi anavyozungumza, palepale anapofundishwa yeye. Mkiambiwa, "Nendeni mkacheze nje, haya si ya watoto," jibuni kwa adabu kwamba yeye naye ni mtoto, na mnataka kwenda kucheza naye.